Miaka Mitano ya Nyaseme

Tulipoondoka nyumbani tuliwaambia majirani kwamba tutarudi baada ya siku nne. Tulirudi siku ya kumi na tatu. Kuku wetu walilishwa na jirani, kengele ya kanisa Jumapili ile ilipigwa na mwingine, na tangu tushuke kivukoni kila mtu ameniuliza swali moja: kulikuwa na nini huko? Nimejibu kwa vipande, hapa kidogo na pale kidogo, na vipande vimeanza kutembea vyenyewe. Nimesikia kwamba tuliibiwa mjini. Nimesikia pia kwamba nilimrudisha mke wangu kwao Seme na ndugu zake wakamkataa. Heri basi niandike yote mara moja, asome anayetaka. Habari za nakala na mihuri nitaziruka, maana hata mimi zilinichosha.

Mke wangu mnamjua kwa jina la Nyaseme, binti wa Seme. Jina lake la ubatizo ni Dorka. Kwa miaka miwili mtoto wa jicho alikuwa amemshika macho yote mawili. Alianza kwa kukosana na sindano na uzi, akafika mahali pa kuwatambua watu kwa sauti na kwa mwendo. Mezani mimi ndiye niliyekuwa nikimtolea samaki miiba. Naichambua nyama kwa vidole, naiweka upande wake wa sahani, naye anatafuna kidogo na kusema, "Umeacha mmoja." Kweli, nilikuwa nimeacha mmoja.

Ndipo tukasikia kwamba hospitali kubwa ya serikali kule Kisumu inawapasua wazee macho bila malipo, mradi mtu awe ametimiza miaka sabini na kitambulisho chake kionyeshe hivyo. Nilimshukuru Mungu papo hapo, nikiwa nimesimama mlangoni. Nyaseme hakusema neno. Nilidhani anaogopa kisu.

Kutoka nyumbani hadi Luanda Kotieno

Jumatatu feri ya asubuhi ilichelewa kwa muda wa saa tatu. Upepo ulikuwa umeyasukuma magugu maji hadi kwenye gati la Mbita, yakatanda kijani mpaka mbali, na mitumbwi ikakwama ndani yake kama kuku kwenye shamba la viazi vitamu. Tuliketi juu ya mizigo yetu tukangoja.

"Hii shamba ni ya nani?" mwanamume mmoja aliuliza. "Mwenyewe aje avune, sisi tupite."

"Ni ya wale tuliwapigia kura," mama mmoja akamjibu bila kugeuka. "Wanapanda tu. Kuvuna hawajui."

Watu walicheka, na kungoja kukawa kwepesi kidogo. Nyaseme aliniuliza kama magugu yana maua. Nikamwambia yana maua ya zambarau. Akasema, "Basi si mabaya yote."

Tulifika Luanda Kotieno, ng'ambo ya ziwa, jua likiwa kichwani, na njaa imetushika. Pale ufukweni kuna kibanda cha mama mmoja anayekaanga samaki kwenye karai kubwa, mwenye kitambaa cha njano kichwani na mdomo usiolala. Alituletea ngege wawili, ugali na sukuma wiki. Nilianza kazi yangu ya miiba. Yule mama alisimama akitutazama, kijiko chake cha kugeuzia kikidondosha mafuta.

"Baba, unamhudumia vizuri," alisema. "Siku hizi nani anafanya hivyo? Huyu ni dada yako mkubwa?"

"Ni mke wangu," nilisema.

"Woi. Nisamehe, Baba. Ni moshi ya hii jiko, imeharibu macho yangu."

Nyaseme alimeza kwanza. Kisha akasema kwa upole, akielekea kule sauti ilikotoka, "Usijali, mama. Macho yako hayana shida."

Mimi nilirudi kwenye miiba yangu.

Luanda Kotieno hadi Kaloleni

Barabara ni nzuri na gari halikujaa, sina la kulalamika. Tulipita Ndori, tukaendelea. Karibu na Kombewa, bila mtu kumwambia lolote, Nyaseme aliinua kichwa akasema, "Hapa ni kwetu." Nikamuuliza amejuaje. Akasema kona ile gari huinama upande wa kushoto, na imekuwa ikiinama hivyo tangu alipokuwa msichana akienda sokoni juu ya lori la pamba.

Hakuomba tushuke, wala mimi sikusema tushuke. Mnajua adabu yetu. Mtu haendi kwa wakwe zake kama anayepita dukani. Hutuma habari mapema, huenda na wenzake, na mikono haiwi mitupu. Ndugu yake wa kufuata, Nashon, ndiye aliyebaki na boma la baba yao, na mara yangu ya mwisho kukanyaga pale ilikuwa kwenye maziko ya mzee. Tulipita, naye akaendelea kuelekeza uso dirishani mpaka harufu ya kwao ilipoisha.

Binti yetu Achieng' anakaa Kaloleni, katika zile nyumba za zamani za baraza la mji. Ana vyumba viwili na mti wa mpera nyuma. Alitupikia omena, dagaa wetu wa ziwani, kwa maziwa kama mama yake alivyomfundisha, akatutandikia kitanda chake, yeye akalala sebuleni. Tuliomba pamoja, tukalala tukijua kesho kila kitu kitakwisha.

Kaloleni hadi dirisha namba nne

Kutoka Kaloleni hadi hospitali si mbali, lakini siku ile safari ilikuwa ndefu kuliko ziwa.

Kabla ya dirisha daktari alimwangalia Nyaseme macho kwa taa yake. Alikuwa mtu wa maneno machache. Jicho la kulia linaweza kungoja, alisema. La kushoto limeiva kupita kiasi, presha imeanza kupanda ndani, na likikaa miezi mingine litakufa lenyewe, na halitafufuliwa na dawa yoyote. Akaandika, akatutuma dirisha namba nne, wanakothibitisha kwamba mtu ni yeye na umri wake ni ule.

Kwenye benchi tulikaa karibu na mzee mmoja wa Kihindi mwenye kilemba cheupe, fundi wa magari tangu ujana wake, anayezungumza Dholuo, lugha yetu, vizuri kuliko baadhi ya wajukuu zangu. Mashine ya alama za vidole ilikuwa imemkataa mara nne. Alituonyesha kidole gumba chake. Kilikuwa laini kama jiwe la mtoni.

"Miaka hamsini nimeshika spana," alisema. "Alama zangu zote zimebaki kwa injini za watu. Wakitaka kunijua, wafungue malori."

Walimpaka mafuta, wakajaribu kidole kimoja baada ya kingine, na kile kidogo cha mkono wa kushoto kikakubali. Alikitazama kidole hicho kama mtoto aliyefaulu mtihani.

Zamu yetu ilipofika, mashine ilimkubali Nyaseme mara ya kwanza. Nilianza kukunja karatasi zetu. Karani, msichana mwenye heshima, akainua mkono.

"Baba, ngoja kidogo. Kidole iko sawa. Lakini kadi inasema Mama ako na miaka sitini na nane. Hii mpango ni ya sabini kwenda juu."

"Ana sabini na mitatu," nilisema.

"Nakuamini, Baba. Lakini kadi haisemi hivyo. Nani aliandikisha huu umri?"

Nyaseme alikuwa amenishika mkono wa koti, kama alivyozoea tukiwa mahali pageni. Nilimtazama. Yeye alikuwa ameelekeza uso ukutani. Nami, mzee wa kanisa, mwalimu wa wanafunzi wa ubatizo kwa miaka zaidi ya thelathini, nikafungua mdomo na kusema, "Makarani wa zamani walikuwa wanakadiria tu."

Nyaseme aliliachilia koti langu.

Tulipelekwa kwa afisa wa ustawi wa jamii, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alisema kosa la namna hii linarekebishika, na wakati kadi inangoja kurekebishwa anaweza kumwombea mgonjwa nafasi kwa vitu viwili. Kwanza, cheti cha ubatizo kutoka kanisa lenye kitabu chenyewe. Pili, mtu aliyetoa umri ule wa kwanza aje aeleze kwa mdomo wake na atie sahihi.

"Kama karani alikadiria, huyo hatutampata, na sijui nitaandika nini," alisema. "Kama ni mtu wa nyumbani alisema, huyo ndiye nataka. Leo ni Jumanne. Orodha ya daktari inafungwa Alhamisi saa kumi. Baada ya hapo nitampa mwingine kitanda, Baba, na daktari wa macho hana nafasi tena mpaka baada ya miezi. Si kwa ubaya."

Kule nje yule fundi alitugawia chapati yake yenye viazi. Alikuwa amesikia, maana pale benchini hakuna siri.

"Mimi mashine imekataa mtu," aliniambia, "na mtu ni wa kweli. Wewe imekubali mtu, imekataa hesabu. Sasa hesabu ilifanywa na nani?"

Nilisema chapati ni tamu.

Ninyi ndugu zangu mnastahili kujua ilivyokuwa. Nyaseme ni mkubwa wangu kwa miaka miwili. Tulipokutana kwenye shule ya misheni kule Seme, nilikokuwa nimetumwa kujifunza, yeye alikuwa darasa la juu na ndiye aliyefundisha watoto nyimbo. Nilipomuoa, vijana wa rika langu walinitania vibaya. Walisema nimejitafutia mama mwingine kwa kuwa wa kwanza amechoka kunilisha. Baadaye ilikuja siku ya kuandikishwa vitambulisho kwenye kituo cha chifu. Wale wale vijana walikuwa nyuma yangu kwenye foleni, wametega masikio. Karani alimgeukia Nyaseme, akamuuliza ana miaka mingapi. Nikajibu mimi kabla hajafungua mdomo. Nikamfanya mdogo wangu kwa miaka mitatu, ili pasiwe na mtu wa kucheka. Nilimnyang'anya miaka mitano mbele ya watu, naye akasimama pale na mtoto mgongoni, akanyamaza.

Kisha nikasahau. Nawaambia kweli, nilikuwa nimesahau. Uongo ukimfaa mtu, humwondokea kichwani mapema kuliko jina la mkopeshaji. Yeye hakuwa amesahau. Ndiyo maana siku ile ya habari njema hakusema neno.

Jioni Achieng' alimuuliza mama yake kwa kicheko, "Kwani Mama, una miaka mingapi hasa?"

"Muulize baba yako," Nyaseme alimjibu. "Miaka yangu anaijua yeye."

Ilikuwa zamu yangu kuomba kabla ya chakula. Nilishukuru kwa ugali, nikashukuru kwa samaki, nikasema amina.

Kisumu hadi Kombewa, kwa wakwe

Jumatano asubuhi nilimpigia Nashon simu mara nyingi. Ilikuwa imezimwa. Hapakuwa na siku ya kutuma mtu. Tulishuka sokoni Kombewa, nikanunua sukari, mkate na sabuni ya mche, vitu vya mtu aliyeshtukizwa. Tukapanda pikipiki mbili hadi mwanzo wa njia ya boma, kisha tukatembea. Mimi mbele, Nyaseme nyuma amenishika koti. Alikuwa amelishika tena, kwa sababu ya njia tu.

Wanawake wawili waliokuwa wakianua mahindi walituona, wakaacha kazi. Hawakutusalimu kwa sauti kama ilivyo desturi. Mmoja aliingia ndani haraka. Nashon akatoka na fimbo yake, akasimama katikati ya uwanja, akanitazama, akamtazama dada yake, akautazama mfuko wa nguo begani mwangu. Sura yake ilinitisha. Nilidhani wamefiwa.

"Shemeji," alisema, "miaka hii yote hujakuja. Leo unakuja bila habari, umemvuta kwa koti kama ndama. Sema basi. Umemrudisha?"

Sikuelewa mara moja. Kisha nikajiona kama walivyoniona wao: mkwe anayekuja peke yake, bila wenzake, na mke asiyeona, na mfuko wa nguo.

"Hapana," nilisema. "Hapana, Nashon."

"Kwa sababu hata akiwa kipofu, hapa ni kwao. Nyumba iko. Lakini wewe utakuwa umenionyesha kitu."

"Nimekuja kuomba miaka yake," nilisema. "Ile niliyoichukua."

Tuliletewa viti. Changu kiliwekwa karibu na mlango, panapomstahili mkwe. Nikaeleza. Nilieleza foleni ile ya kituo cha chifu, nikaeleza rika langu nyuma yangu, nikafika kwenye dirisha namba nne na maneno niliyosema jana yake. Hapo mke wa Nashon akaniletea maji. Nyaseme alikaa mkekani na wifi yake, ameshika hindi moja, analipukuchua kwa vidole bila kukosea.

Nashon aliinuka. Aliingia ndani, akarudi na kitambulisho chake mwenyewe, akakisogeza karibu na macho.

"Mimi hapa nina sabini," alisema. "Na yeye ana sitini na nane. Kwa hivyo mimi ni kaka yake."

"Ndivyo kadi zinavyosema," nilikiri.

"Dorka, umesikia? Mimi ni kaka yako mkubwa. Niletee maji ya kunawa."

"Nilikubeba mgongoni ukanikojolea mpaka miguuni," Nyaseme alisema kutoka mkekani. "Ulikuwa kaka wa namna gani?"

Mke wa Nashon ndiye aliyeanza kucheka, wengine wakafuata, na mwisho Nashon mwenyewe alilazimika kuegemea fimbo. Lakini alipomaliza alinigeukia, na hakuwa akicheka.

"Shemeji, sisi tulikupa msichana mzima, na miaka yake yote. Hatukukata hata mmoja. Usirudie."

Nilisema sitarudia. Walichinja kuku, na sikuruhusiwa kukataa. Kulala pale nisingeweza, adabu haikubali, kwa hiyo Nyaseme alilala kwao, mimi nikapewa kitanda kwa mwalimu wa kanisa, hatua chache kutoka lile jengo la mawe nililojifunzia.

Asubuhi yake mwalimu alitufungulia kabati. Kitabu cha ubatizo kilikuwa kimefungwa kwa kitambaa cha madhabahu kilichozeeka, na mchwa wamekula pembe moja. Tuligeuza kurasa polepole. Nashon alisoma kwa kidole, na kidole kikasimama. Mistari miwili, mmoja chini ya mwingine, kwa wino uliogeuka kahawia: Dorka, miaka sita. Nashon, miaka mitatu. Siku moja, maji yale yale.

"Soma tena," Nyaseme alisema.

Nashon akasoma tena. Nyaseme akanyoosha mkono, mwalimu akamwekea kidole juu ya mstari wake. Alikaa hivyo kidogo. Maandishi hayana alama ya kugusika, lakini hakuna aliyemharakisha.

Kombewa kurudi dirishani

Alhamisi hiyo hiyo tulitoka Kombewa saa tano, cheti alichotuandikia mwalimu kikiwa ndani ya mfuko wa nailoni kifuani pangu. Mbele ya Kisian lori la mchanga lilikuwa limelala katikati ya barabara. Hakuna aliyeumia, Mungu asifiwe, lakini mchanga ulibidi uzolewe kwa koleo. Tulikaa pale kwa muda wa saa mbili na nusu. Dereva alizima gari na kununua njugu. Mimi nilikuwa nikitazama saa ya abiria wa mbele, kila dakika inaniingia kama mwiba.

"Keti vizuri," Nyaseme aliniambia. Hilo lilikuwa neno lake la kwanza kwangu siku ile. "Hata ukisimama, mchanga hautakuona."

Tuliingia hospitali saa kumi kasoro robo. Afisa wa ustawi alikuwa ameshaanza kukusanya karatasi zake. Nikaweka cheti mezani.

"Hii ni nzuri," alisema. "Na yule mtu aliyetaja umri?"

Mlango ulikuwa wazi. Benchi lilikuwa limejaa, na yule fundi wa kilemba alikuwa mwisho wa benchi, jicho moja limefungwa bandeji, anangoja dawa zake. Ningeweza kuomba mlango ufungwe. Nilifikiri hivyo. Lakini uongo wangu wa kwanza niliusema mbele ya foleni, na wa pili mbele ya benchi hilo.

"Ni mimi," nilisema. "Juzi pale dirishani nilisema ni makarani. Si kweli. Mimi ndiye niliyemtaja umri, yeye akiwa amesimama kando yangu. Ana miaka sabini na mitatu. Ni mkubwa wangu. Niliona haya watu wajue."

Afisa alivua miwani yake.

"Baba, nimekaa hapa miaka mingi. Watu wanakuja kuongeza umri, wengine hata na barua za uongo. Wewe ni wa kwanza kuja kurudisha." Akanisogezea kalamu. "Andika polepole. Muda bado uko."

Nilipokuwa nikiandika nilisikia sauti kutoka benchini, kwa Dholuo safi, ikisema kwamba sasa hesabu imekubali. Na nikahisi koti langu likishikwa upande wa kushoto, si kwa sababu ya njia, maana tulikuwa tumesimama.

Alipasuliwa Jumatatu iliyofuata. Sitawasimulia kungoja kule, wanaojua wanajua. Jumanne muuguzi alifungua bandeji. Nyaseme alipepesa jicho, akamtazama Achieng' kwanza, akamgusa shavu, akasema amekonda. Kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu, kutoka juu mpaka chini. Nilijiandaa kusikia lolote.

"Kola ya shati hiyo imekatika," alisema. "Umehubiri nayo?"

Nilikiri kwamba nimehubiri nayo.

Tulikaa Kaloleni mpaka Ijumaa, daktari akalitazama jicho mara ya mwisho, akaridhika. La kulia litafanywa baadaye, na nafasi yake imeshaandikwa. Kadi mpya nayo inakuja. Mimi nilikuwa tayari kulala usingizi wa mtu aliyetua mzigo, na nilifanya hivyo, Achieng' anasema nilikoroma.

Luanda Kotieno tena, na nyumbani

Jumamosi tulifika ufukweni mapema. Ziwa lilikuwa wazi, upepo umeyapeleka magugu kwingine, na Nyaseme alitaka kuonyeshwa yale maua ya zambarau. Tulipata moja tu, limenasa kwenye nyavu zilizoanikwa. Alilitazama, akalirudisha majini.

Mama wa kibanda alitukumbuka. Kitambaa chake cha njano kilikuwa kile kile.

"Baba, karibu. Na huyu..." akajizuia, akashika mdomo. "Mke. Nilikosea siku ile. Amepona?"

"Amepona," nilisema. "Ni mke wangu. Lakini kuhusu ukubwa hukukosea. Amenizidi kwa miaka miwili."

Watu wa meza ya pili waligeuka. Kijana mmoja wa mitumbwi alimgonga mwenzake kwa kiwiko. Niliwaacha wageuke.

"Mimi nilisema moshi," mama akasema, akicheka mpaka karai likatikisika. "Kumbe moshi haina makosa."

Alituletea samaki wawili. Kwa mazoea ya miaka miwili nilivuta sahani ya Nyaseme kwangu, nikaanza kutafuta uti wa mgongo kwa vidole. Akanipiga mkono, si kwa nguvu. Akairudisha sahani yake, akachambua samaki wake haraka, miiba ikajipanga ukingoni safi kabisa. Kisha akavuta na sahani yangu.

"Lete," alisema. "Mdogo hapewi samaki mwenye miiba."

Nilikula alichoniwekea. Hakuacha hata mmoja.